Bima ya Fundi Bishar

Kila Jumanne na Ijumaa, siku za likizo, Mwende huamka mapema kumfungulia Mama Safiyo mlango wa gari. Mama huyo ni jirani yao hapa Garissa. Figo zake ni mbovu, na asiposafishwa damu hospitalini siku hizo mbili, hupumua kwa shida. Gari ni la Mutuku, baba yake Mwende, nalo ni kuukuu. Gari la wagonjwa la zahanati lipo, ndiyo, lakini limekaa juu ya mawe. Wakubwa walilinunulia vipuri visivyolingana nalo, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mama yake Mwende alifariki akilingoja. Mutuku hawezi kulipita bila kutema mate.

Ijumaa moja, gari la Mutuku lilipokata kona kutoka langoni, gurudumu la mbele lililia ka-ka-ka, kisha likagoma. Fundi Bishar akaitwa. Aliingia chini ya gari akatoa ekseli ya mbele ya kushoto, chuma kinachozungusha gurudumu. Jointi yake ilikuwa imelika kabisa.

"Mwende, kimbia duka la Ahmednoor, leta nyingine," alisema. "Lakini bima kwanza. Bila bima usilete."

Mwende alikuwa hodari wa kumwigiza Bishar mbele ya wenzake, vile "p" yake hugeuka "b". Siku hiyo, yeye aliyemwigiza kila siku hakumwelewa. Alichukua karatasi ya bima ya gari, akakimbia. Ekseli ya zamani akaiacha mchangani.

Ahmednoor, mwenye duka la vipuri, aliitazama karatasi akacheka. "Sasa hii nitafunga wapi, abaay, dada yangu? Leta ekseli ya zamani tupime. Urefu, meno ya ncha, yote."

Hapo ndipo Mwende alipoelewa. Bishar alisema pima. Aibu ikamshika. Jua lilikuwa kali, na ekseli ile ni nzito, imejaa grisi.

"Tulishapima nyumbani," alisema. "Nipe tu ya gari la mwaka ulioandikwa hapa."

Aliporudi, Bishar akamwuliza, "Umebima?"

"Nimepima, adeer," alisema, akimwita ami kwa Kisomali.

Ekseli ilikataa kuingia kwenye giaboksi. Bishar aliigeuza, akaisukuma, akaitoa. "Meno ni haba kuliko ya zamani," alisema. "Gari hii ilibadilishwa injini na giaboksi zamani. Karatasi haijui."

Mama Safiyo, aliyeketi kivulini miguu imevimba, alikuwa ameanza kuvuta pumzi kwa nguvu.

Mutuku akaokota spana. "Wote ni wale wale! Mke wangu alikufa kwa vipuri vya uongo, sasa wanataka na huyu. Ahmednoor atanieleza leo." Alikuwa ameshafika langoni.

"Baba, si yeye," Mwende alisema. "Aliniuliza. Mimi ndiye niliyesema tumepima. Nilisikia bima, halafu nikaona aibu kurudi."

Mutuku alimkazia macho mpaka Mwende akarudi nyuma. "Unajua kwa nini gari lile la zahanati liko juu ya mawe? Mtu alisema amepima." Akaitupa spana chini. "Beba ekseli ya zamani, na hii mpya uirudishe."

Mwende aliibeba ya zamani begani na mpya mkononi, grisi ikimchafua gauni lote. Dukani Ahmednoor aliilaza ile ya zamani kando ya nyingine. Wakahesabu meno pamoja, wakalinganisha urefu, wakairudisha moja, wakaleta nyingine, hadi wakapata pacha wake.

Bishar akaifunga, gari likawaka likaondoka. Mama Safiyo alifika hospitalini amechelewa, lakini mashine ya kusafisha damu ilikuwa haijapewa mgonjwa mwingine.

Jioni Bishar alikuja kuchukua spana yake. "Ulimi wangu mzito, najua," alimwambia Mwende. "Nicheke, haidhuru. Lakini sikio la kutafuta kicheko halisikii maneno. Usiboelewa, uliza. Na usibobima, sema hujabima."

Mwende hakucheka. "Nisamehe, adeer."

Mutuku alikuwa akitazama kule zahanati. "Yule aliyenunua vipuri vya gari lile," alisema, "hakuna aliyemrudisha dukani. Wewe umerudishwa. Usinidanganye tena."