Aliyemtukana Rubani Mstaafu

"Lyuben, mwache mgeni ale," alisema Mama Zlatina, akikata kipande kingine cha banitsa, mkate wa jibini, ingawa sahani ya Bilyana bado ilikuwa imejaa.

"Namchangamsha tu, Mama. Nasema Kapteni Ildur angepanda meli ya malkia akatoroka, hadithi ingeishia palepale. Kwa nini hakutoroka?"

Lyuben alikuwa fundi madirisha, na hadithi ya Taji la Zohali, ya filamu za anga, aliijua kwa kusikia tu, mama yake akimsimulia jikoni. Bilyana ndiye aliyekuwa shabiki wa kufa na kuzikwa. Siku hiyo alikuja kutambulishwa kwa mama mkwe mtarajiwa kwa mara ya kwanza, na dada yake alikuwa amemwonya asubuhi: kula sana, sema kidogo. Lakini mwambie shabiki akae kimya wakati mtu anakosea habari za meli. Mdomo ukamponyoka.

"Asingeweza," alisema. "Injini ya kushoto iliungua kwenye filamu ya tatu na hakuna aliyeitengeneza. Mwandishi anayesahau injini, kesho atasahau na jina la mama yake."

Lyuben alicheka. Mama Zlatina hakucheka. Kisu chake kilisimama katikati ya banitsa.

"Umesemaje, mwanangu?"

"Nilikuwa nasema kuhusu injini, mama."

"Na baada ya injini?"

"Aa, utani tu huo."

Mama Zlatina alimtazama. Alikuwa mjane mwenye mikono mizito, aliyeendesha mabasi ya umeme ya mji wa Plovdiv mpaka alipostaafu.

"Kumbe na wewe unaifuatilia sana."

"Tangu utotoni, mama. Zile filamu tatu za zamani tulikuwa nazo kwenye kanda. Halafu ikaja tamthilia, msimu wa kwanza, mtamu. Ule wa pili..." Bilyana alipunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Ule wa pili umefanya nini?"

"Waliuharibu. Kila mtu anajua."

"Shika ulimi, Bili," alisema Lyuben. "Ule wa pili ndio roho ya mama yangu. Mama, hebu mwonyeshe yale uliyoandikiwa. Yeye ni mtu wa majukwaa hayohayo ya mtandaoni, huenda anamjua yule mshenzi."

"Achana nayo, Lyuben."

"Kwa nini tuachane nayo? Bili, nilikwambia kuna mtu alimtukana mama mtandaoni mpaka akalia. Basi ni kwa sababu ya tamthilia hii."

Kweli alikuwa amemwambia, wakati wa kiangazi. Hakutaja jukwaa wala tamthilia, na Bilyana alijibu kwa uchungu kabisa kwamba watu wengine wana roho ya kishetani.

Lyuben akaleta tableti na kuiweka kati ya sahani na bakuli la mtindi. Juu palikuwa na andiko refu la Mama Zlatina mwenyewe, aliyejiita Rubani Mstaafu, akieleza kwa nini sehemu ya tano ya msimu wa pili ndiyo bora kuliko zote. Ni ile ambayo Kapteni Ildur anaweka upanga chini na kumlisha mkewe mgonjwa supu kwa kijiko, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila risasi hata moja. Chini yake palikuwa na jibu la Bundi wa Maritsa.

"Tumesubiri vita vya sayari, tumeletewa mapishi. Mwandishi anayesahau injini, kesho atasahau na jina la mama yake. Na wewe Rubani Mstaafu, anayelilia supu ya kwenye televisheni ni mtu ambaye hajawahi kupendwa na mtu wa kweli. Nenda katafute mume."

Nyuso za kucheka chini yake zilikuwa mamia. Bilyana alikumbuka alipoiandika, nyuma ya kaunta ya duka la dawa wakati wa mapumziko, akitabasamu peke yake. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake.

"Unamjua?" aliuliza Lyuben.

Mama Zlatina naye alikuwa akisubiri jibu.

"Simjui," alisema Bilyana. "Watu wengine hawakulelewa."

"Ndivyo," alisema Mama Zlatina taratibu. "Kula, mwanangu. Inapoa."

Walipokuwa ndani ya gari wakirudi, Lyuben aliona kimya kimezidi.

"Hujampenda mama?"

"Nimempenda sana. Nimechoka tu."

"Usimwone vile. Baba alipougua, alimlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Kwenye mazishi hakutoa chozi. Alipoiona ile sehemu ya tano ndipo akamlilia baba, akalia mpaka nikaogopa. Halafu akakaa kuandika, kwa kidole kimoja, akiniuliza alama ya kuuliza iko wapi. Yule mshenzi akamjibu vile. Mama hajaandika tena."

Msomaji, hapo ndipo pa kusema. Walikuwa wawili tu, taa nyekundu imewaka, mwanaume hana haraka. Bilyana alinyoosha mkono akamshika wake.

"Pole," alisema. "Pole sana, mpenzi."

Lyuben aliubusu ule mkono. Wa kuandikia, ndio huohuo.

Kesho yake kazini simu ikaingiza ujumbe kutoka namba ngeni.

"Mimi ni mama yake Lyuben. Ile sentensi ya injini nimeisoma mara nyingi, naijua kwa moyo. Mtoto sijamwambia. Ukiwa tayari njoo, uje peke yako. Zlatina."

Bilyana alimpa mteja dawa ya kikohozi badala ya dawa ya tumbo, ikabidi amkimbilie mpaka barabarani.

Siku mbili alizunguka na ujumbe huo mfukoni. Siku ya tatu alitoka kazini akaenda moja kwa moja. Alimkuta Mama Zlatina kwenye roshani ya ghorofa ya nne, akichoma pilipili hoho za kuhifadhi kwa ajili ya baridi, kama kwenye kila roshani ya mtaa ule mwezi wa Septemba.

"Mama, nimekuja kuomba..."

"Usiombe bado. Kaa, umenye hizi."

Bilyana alikaa akamenya. Maganda yalimuunguza vidole na hakuthubutu kuvipuliza.

"Simu unayo?" aliuliza Mama Zlatina.

"Ninayo."

"Nisomee ulichoniandikia. Kwa sauti."

"Mama, tafadhali."

"Uliniandikia hunioni. Leo unaniona. Soma."

Alianza kusoma. Maneno yaliyochekesha mamia ya watu yalitoka mdomoni mwake yakiwa makavu, hayana hata utani ndani yake. Alipofika kwenye kupendwa aliishusha simu.

"Endelea."

"Siwezi."

"Kuandika uliweza."

Akasoma mpaka kwenye mume. Alipomaliza alikuwa akilia, na aibu ilimkaba kiasi kwamba hata machozi aliona hana haki nayo.

Mama Zlatina aligeuza pilipili.

"Nilikuwa naye," alisema. "Asparuh. Filamu ya kwanza ilipofika hapa mjini, alipanga foleni kwenye theluji, akapata tikiti moja. Akanipa mimi. Alisimama nje mpaka ikaisha, tukarudi kwa miguu nikimsimulia. Zikaja nyingine, tikiti zipo tele, akakataa kuingia. Anasema, wewe ingia, utanisimulia, ndivyo ninavyoipenda. Tuliishi hivyo mpaka akafa. Tamthilia hii sikuwa naye wa kumsimulia, ndiyo nikaja kuwasimulia nyinyi."

Bilyana alichukua pilipili nyingine akamenya. Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Sasa na mimi nakuuliza. Kwa nini?"

"Nilikuwa nawafurahisha watu, mama."

"Hiyo nusu. Nusu nyingine iko wapi?"

Bilyana alifuta pua kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na masizi.

"Na mimi nililia," alisema. "Sehemu ya tano. Nilivyomaliza nikairudia, nikalia tena. Halafu nikafungua jukwaa nikakuta kila mtu anaicheka. Pale wananiheshimu, mama, nikisema kitu kinarudiwa. Nikakutana na andiko lako, umeandika kilekile nilichokiona, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nikaona kama umenivua nguo mbele za watu. Nikaogopa. Nikakupiga wewe ili wasinione mimi."

"Kumbe uliipenda."

"Niliipenda sana."

Mama Zlatina alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasogeza bakuli.

"Mimi nimekusamehe, kwa sababu ni mzee na chuki inanichosha. Lakini si mimi ninayekuoa. Lyuben utamwambia mwenyewe, leo, tena hapahapa, nikisikia."

Bilyana alipiga simu.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Kazini, niko juu ya ngazi. Kuna nini?"

"Shuka kwanza."

"Bili, unanitisha. Nimeshuka."

"Yule Bundi ni mimi."

"Bundi gani?"

"Aliyemtukana mama yako. Ni mimi niliyeandika."

Kelele za keekee ya kutobolea zilisikika upande wa pili, kisha zikanyamaza.

"Siku ile mezani ulikuwa unajua?"

"Nilijua nilipoona tableti."

"Na kwenye gari?"

"Nilikuwa najua."

"Ulinishika mkono, Bilyana."

Hakuwa amemwita jina zima tangu wafahamiane. Simu ikakatika.

Usiku ule alimtumia ujumbe, na kesho yake, na keshokutwa. Jumbe zote zilisomwa, hakuna iliyojibiwa. Akaingia jukwaani akaandika kwa jina lake halisi: "Bundi wa Maritsa ni mimi, Bilyana. Nilichomwandikia Rubani Mstaafu kilikuwa ukatili na uongo. Sehemu ya tano niliipenda na niliilia." Wakamcheka wiki nzima. Waliokuwa wakimpigia makofi ndio waliokuwa wa kwanza kumpiga mawe, na akagundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemjua. Ila siku ya Jumapili Rubani Mstaafu aliweka andiko jipya, kuhusu sehemu ya sita. Bilyana alilisoma lote, kisha akazima simu akalia kwa raha.

Lyuben alitokea wiki ya tatu. Aliingia duka la dawa, akapanga foleni nyuma ya bibi mwenye mkongojo, na zamu yake ilipofika akaegemea kaunta.

"Nataka dawa ya macho," alisema.

"Yamefanya nini?"

"Nimeangalia msimu wa pili wote. Nilitaka kuona ni kitu gani kilichowaliza wanawake wangu wawili."

Moyo wa Bilyana ulishtuka kwa lile neno wangu, akaogopa kulishika.

"Umeuonaje?"

"Mrefu. Ile ya tano usiniulize." Alishusha sauti. "Nina swali moja. Nijibu kweli, hata kama utaniudhi. Kwenye gari uliposema pole, ulikuwa unampa nani pole?"

Jibu tamu lilikuwepo, tena mawili. Angesema wewe, au angesema mama, na yote yangependeza. Bibi wa mkongojo alikuwa amesimama mlangoni bila haya, akisubiri kusikia.

"Mimi mwenyewe," alisema Bilyana, uso ukiwaka moto. "Nilikuwa nawaza kwamba nitakukosa. Mama yako hata sikumfikiria. Ndiyo hivyo, Lyuben. Najionea aibu lakini ndiyo hivyo."

Lyuben alimtazama bibi mlangoni, kisha akamtazama yeye.

"Nilidhani utasema mama," alisema.

"Najua."

"Ungesema mama, ningeondoka nisirudi." Alisugua uso. "Unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Nitakuwa hapo nje. Nitakusindikiza mpaka nyumbani. Lakini bado nina hasira, kwa hiyo usinishike."

"Sitakushika."

"Nitakushika mimi nikiwa tayari."

Oktoba nzima alimsindikiza hivyo, mikono yote miwili mfukoni, wakivuka daraja la mto Maritsa wakibishana kuhusu Kapteni Ildur, na Bilyana hakulalamika hata siku moja. Novemba, kwenye daraja hilohilo, huku akimwambia kwamba msimu wa kwanza nao una mapungufu yake, Lyuben alitoa mkono mmoja mfukoni, akamshika wake.