Fulana Kumi na Moja

Steshini ya Nakuru, mwaka wa 1954, watu walijitupa chini kwa sababu ya mpira.

Ulichomoka kwenye gunia la kijana mrefu aliyeshuka gari moshi la Nairobi, ukadunda simiti, du! du! Siku hizo za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Wakikuyu, kishindo chochote kilitosha kuwalaza watu kifudifudi. Askari alishainua bunduki. Msichana mmoja tu, mwenye gauni la maua ya njano na viatu vyeupe, aliukanyaga mpira ukatulia.

"Ni wako huu?" aliuliza.

"Ni wa chuo cha ualimu, dada. Naitwa Joash Nyongesa. Nafundisha mpira wa kikapu."

"Kumbe ni wewe unayemchosha ndugu yangu Hezekiah hivyo!"

"Hezekiah ni ndugu yako? Basi kesho nitamchosha kidogo tu."

Msichana akacheka, na Joash akawa amekwisha hapo hapo.

Msichana aliitwa Wachuka, mshonaji katika duka la nguo la Mhindi Gurbachan. Bahati nzuri, dukani kulikuwa na simu.

"Halo? Nataka fulana za timu."

"Uliagiza jana, mwalimu. Na bado hujasema ni ngapi."

"Nitakuambia kesho, ndiyo nipate kupiga tena."

"Una maneno wewe!"

"Nina na mengine, mpenzi." Gurbachan, aliyesimama karibu, alikohoa kwa nguvu.

Joash alikuwa mwalimu wa muda tu. Mkuu wa chuo, mzungu mkavu, alikuwa amemwahidi kazi ya kudumu mwisho wa mwaka, na ahadi hiyo Joash aliishika kama yai.

Jumatano aliacha koti lake dukani lishonwe kifungo. Mfukoni Wachuka akakuta karatasi yenye majina kumi na moja. Majina manne yalikuwa na msalaba wa wino mwekundu, na moja lilikuwa la Hezekiah. Wiki ile polisi walikuwa wamechukua vijana watatu Wakikuyu kama wao sokoni, na watu walinong'ona kwamba kuna mtu aliyepeleka karatasi ya majina.

Hakuuliza. Nani angethubutu kuuliza? Alimpelekea ndugu yake ujumbe atoroke, na alfajiri akamficha stoo ya duka, nyuma ya majora ya kitambaa, ingawa hakuwa na pasi, karatasi ya ruhusa ya kutoka chuoni. Saa mbili Joash alipiga simu.

"Mwambie sipo," Wachuka alimwambia Gurbachan.

Saa nne simu ikalia tena.

"Mama, si mwalimu hii," Gurbachan alisema, uso umempauka. "Mzungu."

Alikuwa mkuu wa chuo. "Wewe Wachuka? Hezekiah hapana iko chuo. Joash nasema yeye natuma Hezekiah kwako kuchukua fulana. Kweli?"

Ndipo Wachuka akaelewa. Mtu ambaye yeye alidhani anamuuza ndugu yake alikuwa amesimama mbele ya mzungu, akihatarisha kazi yake mwenyewe ili amkinge.

"Kweli, bwana. Yuko hapa."

"Fulana ngapi?"

Joash hakuwahi kumwambia. Akaiona tena ile karatasi, jina kwa jina, maana usiku kucha alikuwa amezisoma herufi zake.

"Kumi na moja, bwana."

"Sawa. Saa kumi yeye narudi na fulana. Kama hapana, mimi naita polisi."

Joash alifika kwa baiskeli, shati limelowa jasho.

"Umesema ngapi?"

"Kumi na moja."

Akakaa kwenye ngazi ghafla. "Hata mimi nilimwambia hivyo."

Wachuka akamtupia karatasi. "Na hii misalaba?"

"Ni wale wanaobaki nyuma kulinda kikapu. Ndugu yako hapitwi na mtu."

"Nilifikiri unamuuza."

"Ungeniuliza, Wachuka."

"Nilikuogopa wewe!"

Joash aliinamisha kichwa. "Siku hizi hata mimi ningejiogopa."

Walishona bila kuinua macho, Gurbachan kwenye cherehani ya pili, Hezekiah akikata vitambaa. Saa tisa na nusu fulana ya mwisho ilikuwa tayari.

"Wakinirudisha Nyeri wiki ijayo?" Wachuka aliuliza polepole. "Wanatubeba sisi Wakikuyu kwa malori kila siku."

"Tuoane kabla."

"Hawatajali. Na hiyo kazi hutaipata, na mke kama mimi."

"Basi nitafundisha Nyeri. Vijana wa huko nao wana mikono."

Wachuka alitaka kucheka, akalia. "Ndiyo, Joash. Ndiyo. Sasa nendeni, saa inakwenda!"

Alisimama barazani akiwatazama mpaka kwenye kizuizi cha polisi, pale mwisho wa barabara. Joash alitoa barua ya ruhusa aliyopewa na mkuu wa chuo: kijana mmoja, fulana kumi na moja. Askari alimtazama Hezekiah kwa muda mrefu, kisha akafungua mzigo na kuanza kuhesabu moja moja. Wachuka alihesabu naye, mkono mdomoni, mpaka askari akafunga mzigo na kuinua mti wa kizuizi, wakapita.