Kigingi cha Kahonzi

Machi 1986, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kijijini Adu. Kahonzi alinyoosha mkono kuutwaa ungo wake ukutani, mkono haukufika. Uji ulikuwa ukitokota na ua ulikuwa umefagiliwa.

"Dorcas, nani kakipandisha kigingi?"

"Hakuna, mama," akajibu mkaza mwanawe. "Labda nyumba inarefuka."

"Nyumba ya udongo? Basi hata wewe itakupita!"

Wakacheka. Katana, mwanawe Kahonzi, akakishusha kigingi. Ilikuwa mara ya pili. Matundu mawili ya zamani yalionekana juu yake. Majirani walimsifu kwa kumtunza mama, na Dorcas alijivunia mume wake. Jamani, ni wangapi kwetu wangeuliza kwa nini?

Mwezi wa Mei, Kahonzi aliteleza karibu na kinu, akajizuia kwa kiganja. Kifundo cha mkono kikavunjika. Dorcas akampeleka zahanati, ambako tabibu Ochola alimfunga plasta lakini hakumruhusu kuondoka.

"Na mgongo, mama, vipi?"

"Unauma tangu mwaka jana. Uzee, mwanangu."

"Uzee peke yake hauvunji mkono kwa kuteleza." Akamgeukia Dorcas. "Amepungua urefu?"

Dorcas akayakumbuka matundu. Akainua mkono. "Vidole vinne. Alama ziko ukutani."

Ochola aliandika. Mifupa, alisema, yaelekea imeliwa ndani kwa ndani kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Apigwe picha Malindi. Asibebe debe la maji kichwani. Ale dagaa na maziwa, atembee kila siku, na mlangoni pasiwe na kitu cha kumkwaza.

"Urefu hautarudi," alisema, "lakini tunaweza kuzuia mfupa mwingine usivunjike."

Nyumbani Dorcas alieleza yote. Katana alisikiliza, akatazama shamba.

"Mama amebeba maji tangu usichana wake. Tukishavuna nitampeleka."

"Na nikiacha debe," Kahonzi akaongeza, "watu watasema nimekuwa mzigo. Bora nibebe mzigo kuliko kuwa mzigo!"

Katana akacheka. Dorcas hakucheka. Alijua vidole vinne ni vingi, lakini hakutaka kubishana na mumewe mbele ya mama mkwe. Kesho yake Katana alikishusha kigingi kwa mara ya tatu, mama asijisumbue.

Tarehe 17 Julai, Kahonzi alirudi kisimani na debe kichwani, akajikwaa kizingitini. Nyonga ya kushoto ikavunjika.

Picha ilipigwa Malindi siku ile. Ilionyesha nyonga, na pia pingili tatu za uti wa mgongo zilizobonyea zamani.

"Tangu lini?" Katana aliuliza.

Daktari hakuweza kusema. Dorcas aliweza.

FUNZO

Mzee akipungua urefu, akipinda mgongo, au akivunjika kwa anguko dogo, msiseme ni uzee tu. Hizo ni dalili za mifupa iliyodhoofika. Mpimeni urefu kila mwaka, na mfupa wa kwanza ukivunjika mpelekeni akachunguzwe kabla ya wa pili. Msimpunguzie dunia ili imtoshe, ulizeni kinachompunguza. Na aliyeona aseme, hata akiwa mkaza mwana.

Kahonzi hakusimama tena. Alishikwa na nimonia kitandani, akafariki tarehe 2 Septemba, wiki ile ile Katana alipomaliza kuvuna.