Vidole Viwili vya Dwight

Rafiki yangu Dwight, wa kule Duluth, siku hizi mkono wake wa kulia hautoki mfukoni.

Jumamosi moja mchana, theluji ikimwagika, alimwita jirani yake Lorne kwenye chumba cha chini ya nyumba wamalize ubishi wao wa miaka: je, deki ya CD ya bei mbaya inatoa sauti nzuri kuliko ya bei poa? Dwight angefungwa kitambaa machoni, Lorne abadilishe deki kimyakimya. Dwight akisikia tofauti, ainue vidole viwili. Kusema marufuku.

"Na usichungulie, mzee," Lorne alimtania. "Marehemu Marit alikucheka sana kwa haya."

Kweli. Kila Dwight alipohesabu sifa za deki zake kwa vidole, mkewe alivikunja kimoja kimoja. "Zote ni zilezile, mpenzi."

CD yenyewe ilikuwa ya Marit akipiga piano kanisani. Katikati ya wimbo ikanyamaza.

"Umeme huo!" Lorne alisema, akapanda ngazi kwenda kuangalia swichi. Dwight hakuvua kitambaa, asije akaharibu jaribio.

Punde piano ikaanza tena, safi ajabu. Alisikia hata pumzi ya mpigaji, karibu kabisa na sikio. Akainua vidole viwili.

"Dwight!" Lorne aliita kutoka juu. "Mtaa mzima hauna umeme!"

Mkono wa baridi ulikuwa umeshika kidole cha kwanza cha Dwight, unakikunja taratibu. Kisha ukashika cha pili.