Kidole Kisichouma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vidole alisimama upande mmoja wa meza, mama yake upande wa pili, wakakunja mashuka ya nyumba ya wageni. Mama alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilinukia sabuni na mvuke wa pasi, na kamba za nguo zilitoka ukuta huu hadi ukuta ule, hata mgeni akiingia ilimbidi ainame.

"Vuta, usinyonge," mama alisema. "Hilo ni shuka, si kuku."

"Nimevuta, mama."

"Mikono imevuta. Akili iko uwanjani, naiona kutoka hapa."

Mama hakukosea. Jina la Vidole mwanawe alipewa na wenzake wa timu ya mpira wa wavu ya shule ya sekondari. Mpira ukimjia, hata uje kwa fujo namna gani, vidole vyake vikiugusa tu ulitulia, ukapanda taratibu kando ya wavu kama umeonyeshwa njia. Kazi yake haikuwa kupiga. Kazi yake ilikuwa kumwinulia mwenzake mpira, mwenzake aruke na kuubamiza chini upande wa wapinzani.

Mwenzake huyo alikuwa Mlingoti, kijana mrefu wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Mama dobi alizoea kumwita apite amtundikie nguo kwenye kamba za juu. "Ningezaa mmoja kama huyu, ngazi ningeigawa bure," alisema, na Mlingoti akacheka meno yote nje. Yeye na Vidole walikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza. Walitembea pamoja, walifanya mazoezi pamoja, na aliyeadhibiwa mmoja alisubiriwa na mwingine nje ya darasa.

Mwaka huo shule yao ilifika nusu fainali ya mashindano ya kanda. Watu walianza kuwasalimia njiani kwa majina yao ya uwanjani. Kinyozi wa jirani aliwanyoa wote wawili siku moja akakataa malipo. "Mkishakuwa wakubwa, semeni vichwa hivyo nilivinyoa mimi," aliwaambia.

Ndipo Redio alipokuja na habari. Redio alikuwa mchezaji wa akiba, na mdomo wake haukujua mapumziko.

"Mmesikia? Wateuzi wa kikosi cha kanda watakuwapo uwanjani. Tena yupo pia mama mmoja wa chuo cha michezo, anatafuta vijana wa kwenda kusoma huko huku wakicheza. Lakini kila shule watachukua mmoja. Mmoja tu!"

"Nani kakwambia?" Vidole aliuliza.

"Ninazo njia zangu, bwana. Na mnajua atakuwa nani." Akamwonyesha Mlingoti kwa kidevu. "Anayepiga ndiye anayeonekana. Wewe Vidole ni mpishi. Nani anamkumbuka mpishi karamuni?"

Wengine walivunjika mbavu. Vidole alicheka pia, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Siku nzima neno lile lilimkereketa kama mchanga kwenye kiatu.

Nusu fainali ilichezwa Alhamisi, uwanja umejaa pomoni. Wateuzi walikaa kwenye viti nyuma ya mstari, kati yao mama mmoja mwenye kofia nyeupe aliyekuwa hapigi makofi wala hacheki. Vidole alimwona. Akamwona pia Mlingoti akirukaruka kupasha mwili joto, na watu wakimshangilia hata kabla ya mchezo kuanza. Kijicho kikamwingia.

Alichofanya kilikuwa kitu kidogo mno. Aliwainulia wengine mipira mizuri kama kawaida. Ya Mlingoti aliifupisha. Kipimo cha kiganja kimoja tu, chini kidogo ya pale mkono wa Mlingoti ulipozoea kuukuta mpira. Anayetazama kutoka pembeni angeona mpigaji mrefu anayekosea. Mlingoti aliruka, akapiga, mpira ukaingia wavuni. Akaruka tena, ukatoka nje. Mashabiki wakaanza kuguna.

"Mlingoti, umekula nini leo?" mmoja alipaza sauti. "Shuka chini, umepanda bila sababu!"

Seti ya mwisho Mwalimu wa michezo akamtoa. Mlingoti alikaa kwenye benchi, taulo kichwani, mabega yakimtetemeka. Wakati wa mapumziko Vidole alimpelekea maji. Timu ilishinda kwa taabu, na kila mtu alisema Vidole ndiye aliyewaokoa.

Mwalimu peke yake hakusema hivyo. Alimvuta kando. "Vidole, mipira ya Mlingoti ilikuwa mifupi. Kuna nini?"

Vidole aliuficha mkono nyuma. "Kidole, Mwalimu. Kimeteguka kidogo."

"Na hukusema! Haya, lete hapa." Mwalimu akachukua bendeji nyeupe kwenye sanduku, akamfunga kidole kile kwa uangalifu, kizima kama siku kilipozaliwa.

Jioni, mama akipiga pasi na Vidole akisoma kando yake, mlango uligongwa. Mlingoti aliinama chini ya kamba, akaingia na kichupa cha dawa ya kuchua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona uso umenywea?"

"Nimekuja kumwomba radhi mwanao, mama. Leo nimemwaibisha. Ameniinulia mipira na kidole kinamuuma, na mimi yote nimeimwaga." Akaketi chini mbele ya Vidole, akaanza kufungua bendeji. "Lete nikuchue, ndugu yangu. Dawa hii humtoa mzee kitandani. Kesho kutwa ni fainali. Mimi wasinichague, sawa, nimeshakubali. Lakini wewe usikose kwa sababu yangu."

Akapaka dawa, akaminya. "Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Basi hiki ni kidole cha miujiza," Mlingoti alisema akicheka. "Kimepona kabla dawa haijakauka."

Vidole alijaribu kucheka naye, akashindwa. Aliangalia mikono ile mikubwa iliyokuwa ikimchua kwa huruma, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Hakiumi. Hakijauma hata kidogo. Mipira yako niliifupisha kwa makusudi."

Mlingoti aliacha kuchua. "Kwa makusudi?"

"Redio alisema wanachukua mmoja. Nikataka niwe mimi."

Pasi ya mama ilisimama. Mlingoti alikifunga kichupa chake, akakizungusha kifuniko hata kikawa hakina pa kwenda tena.

"Nilikaa pale nalia," alisema polepole, "na wewe ukaniletea maji."

Akainuka kwa hasira, akasahau kuinama. Alitoka mlangoni na shati la mtu limemning'inia begani. Kidogo akarudi, akalitundika mahali pake bila kumtazama yeyote, akaenda zake. Siku nyingine wangecheka mpaka watokwe na machozi.

"Mama..." Vidole alianza.

"Kesho asubuhi utamwambia Mwalimu, kabla hajakuuliza."

"Atanitoa kwenye timu."

"Huenda. Utamwambia hata hivyo." Akachukua tena pasi. Hakumung'unya maneno, lakini baadaye alimwekea chakula chake karibu na jiko kisipoe.

Vidole alimwambia Mwalimu mbele ya timu nzima. Aliinyoosha bendeji mkononi, akaitaja njama yake tangu mwanzo hadi mwisho, na hakumtaja Redio wala mtu mwingine kama sababu. Mwalimu alimsikiliza bila kumkata.

"Fainali utaanza ukiwa benchi," alisema mwishoni. "Kuingia au kutoingia kwako atasema Mlingoti. Yeye ndiye uliyemuumiza."

Siku ya fainali jua lilikuwa zuri, ngoma za mashabiki zikirindima tangu asubuhi. Mama dobi alifunga kazi mapema, akaja na aproni yake kiunoni. Alimkuta mwanawe ameketi benchi, mikono katikati ya magoti. Alikaa nyuma yake.

Seti ya kwanza ilipotea. Kijana aliyechukua nafasi ya Vidole alijitahidi sana, lakini mipira ilikuwa mara juu mara chini. Mlingoti alimwendea Mwalimu, jasho linamtiririka.

"Mwingize."

"Umemsamehe?"

"Hapana, Mwalimu. Ila nataka kushinda, na hasira itasubiri."

Vidole akaingia. Kutoka mguso wa kwanza mipira ilipanda sawasawa, na seti ya pili ilienda upande wao. Lakini kuna kitu kilikuwa hakijarudi. Zamani walikuwa na mpira wao mmoja wa ajabu. Mlingoti aliruka kwanza, kabla Vidole hajaugusa mpira, kama mtu anayetaka kupiga hewa tupu. Mpira ulimkuta huko huko juu, wapinzani wakiwa bado wamesimama. Sasa Mlingoti hakuruka mapema. Alisubiri auone mpira kwanza, auhakikishe, ndipo aruke. Kusubiri huko kuliwapa wapinzani nafasi ya kupanga mikono yao mbele yake, na mpira ukarudi usoni kwake mara kwa mara.

Seti ya tatu, ya kufa na kupona, ilifika pointi kumi na tatu kwa kumi na tatu. Mwalimu aliomba mapumziko. Vidole alimsogelea Mlingoti.

"Ruka mapema, kama zamani."

"Ili unifanye kichekesho tena?"

"Ruka kabla sijaugusa. Mpira usipokuwapo, nitamwambia refa mwenyewe na uwanja mzima kosa ni langu. Lakini utakuwapo, ndugu yangu. Utaukuta."

Mlingoti alikaza kamba za viatu. "Usipokuwapo," alisema, "nakukunja na mashuka ya mama yako."

Walirudi uwanjani. Wapinzani walianzisha mpira mkali, ukapokewa vibaya, ukaenda pembeni. Vidole aliukimbilia. Kabla hajaufikia alimwona Mlingoti kwa pembe ya jicho, ameshapaa, mkono nyuma, hewani bila kitu. Vidole akaugusa. Ukaondoka vidoleni mwake bila kuzunguka, ukafika pale pale.

Pa!

Mpira uligonga sakafu hata wapinzani hawajainua mikono. Uwanja ukalipuka. Kumi na nne kwa kumi na tatu.

Mara ya pili wapinzani walijua kinachokuja. Watatu wao walimzonga Mlingoti mbele ya wavu. Mlingoti aliruka kama kawaida, mzima mzima, akawabeba wote watatu juu naye. Vidole aliupitisha mpira nyuma ya kichwa chake hadi kwa mchezaji wa pembeni, aliyesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa sokoni. Akaupiga chini taratibu kabisa. Mchezo ukaisha!

Loo, zilipigwa kelele siku hiyo! Mama dobi alirusha aproni hewani, ikamwangukia kinyozi. Vijana waliangukiana sakafuni, na Vidole alipotaka kujitoa chini ya rundo, mkono mrefu ulimshika ukosi ukamvuta juu.

"Bado nina hasira," Mlingoti alimwambia sikioni, huku amemkumbatia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka kunibebea mkoba wangu wa viatu."

Kisha kipaza sauti kikaita kikosi cha kanda kwa namba za jezi. Mlingoti aliitwa wa kwanza kabisa, akatoka mbele huku watu wakiimba. Zikaitwa jezi za shule nyingine. Vidole alipiga makofi hata viganja vikamwasha, na alishangaa kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli. Ndipo ikaitwa jezi yake.

"Wawili!" Redio alipayuka. "Shule yetu wawili!"

"Si ulisema mmoja?" wenzake wakamgeukia.

"Mimi... nilisikia vibaya," Redio alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akanyamaza.

Mama mwenye kofia nyeupe aliwafuata. "Hapajawahi kuwa na mpango wa mmoja kila shule," aliwaambia. "Na wewe, kijana, nikwambie ukweli. Mimi nikitaka kumjua anayeinua mipira, simtazami yeye. Namtazama anayepiga. Alhamisi nilimwona mpigaji hodari anateseka, nikajua vidole haviko sawa. Nilikuwa nimeshaamua kukuacha. Leo nimemwona akipaa na macho yake hayatafuti mpira. Mwalimu wako pia amenieleza ulichosema mbele ya wenzako. Chuo chetu kinawahitaji wote wawili."

Vidole alimshukuru kwa mikono miwili. Aligeuka, akamwona mama yake anakuja, uso umelowa machozi, aproni yake bado iko begani mwa kinyozi.

Mama aliwashika wote wawili, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. "Ulitaka uonekane kwa kumfanya mwenzako asionekane," alimwambia mwanawe. "Ukaona mwenyewe, ulipomzima yeye, ulijizima na wewe. Kipaji chako kimo katika kumwinua mtu, mwanangu. Ukiogopa ushindani, zidisha mazoezi, usimharibie mwenzako. Na ukikosea, sema mwenyewe mapema, hata kama ulimi unakuwa mzito. Usingesema, ushindi huu wa leo ungekuwa unakuuma zaidi ya kidole."

"Nimesikia, mama."

"Na wewe, baba," alimgeukia Mlingoti, "umemrudisha uwanjani na moyo wako unauma. Hiyo ni kazi ya mtu mzima."

Mlingoti aliinama kwa haya, ingawa pale uwanjani hapakuwa na kamba hata moja. Mashabiki wakawafikia, wakawanyanyua wote wawili mabegani, na kinyozi akatangulia mbele akipaza sauti njia nzima: "Vichwa hivi nilivinyoa mimi!"