Shanga za Kijani

Shanga thelathini na mbili za taa zilielea juu ya vichwa vya wanafunzi thelathini na wawili wa darasa la tano. Zote zilikuwa za kijani ila moja. Hiyo moja ilikuwa nyekundu, na ilikuwa nyekundu kwa siku ya kumi na nane sasa.

"Mwanafunzi Sikudhani Banzi hajaelewa," ilisema sauti ya upole kutoka ukutani. "Mwalimu, tafadhali rudia."

Mwalimu Tekla Mkude hakurudia. Aliinama kidogo, akatazama chini ya dawati la mtoto. Wanafunzi waliacha viatu mlangoni siku hizi, kwa kuwa jicho la mtambo halikupenda vumbi, na kwa hilo mwalimu aliushukuru mtambo kimoyomoyo. Kidole gumba cha mguu wa kulia wa Sikudhani kilikuwa kimetulia tuli.

Hiyo ilimtosha. Sikudhani akiwa hajaelewa, kidole kile hukwaruza sakafu bila kukoma, kama kuku anayetafuta punje. Akishaelewa, hutulia ghafla. Hakuna chuo kilichomfundisha Tekla jambo hilo. Alilijua kwa kutazama, na alipolijua aliliandika katika daftari lake la jalada la kahawia, pamoja na mengine ya namna hiyo: Abedi akielewa humeza mate. Pili huacha kuchezea kifungo.

Mtambo uliitwa Kisomauso. Ulifika Morogoro mwaka uleule mabasi yalipoanza kujiendesha yenyewe. Jicho lake la kioo, dogo kama punje ya mtama, lilipima kila uso mara hamsini kwa sekunde: mboni zinaelekea wapi, nyusi zimeinuka kiasi gani, pembe za midomo zimekaaje. Kisha lilitia rangi shanga ya kila mtoto. Kijani, ameelewa. Njano, anasitasita. Nyekundu, hayupo pamoja nasi.

Tekla hakuwa mtu wa kukataa kitu kwa sababu tu ni kipya. Kisomauso ndicho kilichogundua kwamba Abedi haoni vizuri ubaoni, wakati yeye na daftari lake walikuwa wamepitwa. Hilo alilikubali mbele ya walimu wenzake. Lakini mtoto aliyekaa kwenye nyekundu siku thelathini mfululizo alihamishiwa Mkondo wa Polepole, bweni la mbali ng'ambo ya Mikumi. Sikudhani alikuwa amebakiza siku kumi na mbili. Nyumbani alikuwa na bibi yake tu, na bibi naye alikuwa na yeye tu. Na bibi huyo alikuwa amemlea vizuri: mtu mzima akisema, mtoto huinamisha macho. Ndivyo alivyofundishwa kusikiliza.

Tekla aliandika barua tatu. Zilijibiwa zote, na mtambo mwingine, kwa adabu kubwa, kwamba malalamiko yake yamepokelewa. Baada ya barua ya nne alikuja mhandisi, kijana mmoja aitwaye Gaudensi, amebeba mkoba wa vifaa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akiinama.

"Marahaba. Hebu usisogee. Tazama juu yako."

Gaudensi alitazama. Alikuwa amesimama kando ya dawati la mbele, na shanga ya dawati lile ilikuwa imewaka nyekundu.

"Umeniamkia huku unatazama viatu vyako," alisema Tekla. "Mtambo wako unasema hujali."

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, tuliufundisha kwa nyuso elfu sitini."

"Za nani?"

"Za watu wetu. Wa hapahapa nchini. Tuliwapiga picha wakisikiliza masomo."

"Na waliokuwa wanatazama chini?"

Gaudensi alijikuna kisogo. "Hizo tulizifuta. Macho hayakuonekana, kwa hiyo zilihesabiwa kuwa picha mbovu."

"Basi zirudisheni."

"Zimeshafutwa, mwalimu. Kukusanya nyingine ni kazi ya miaka miwili, na ruhusa haitoki kwangu." Alisema kwa sauti ya mtu anayeona aibu. "Labda mtoto ajaribu tu kutazama juu."

Tekla alitaka kumkasirikia, akakosa pa kuanzia. Kijana alikuwa mpole, barua zilikuwa na adabu, hata sauti ya ukutani ilisema tafadhali. Kila mlango aliogonga ulifunguliwa kwa tabasamu, na nyuma ya kila mlango palikuwa na ukuta.

Siku zilipobaki saba, alimbakiza Sikudhani baada ya masomo.

"Inua kidevu. Hapo. Tazama kile kioo."

"Naona haya, mwalimu."

"Najua, mwanangu. Jikaze. Hesabu moja mpaka tatu, kisha itikia kwa kichwa. Nyusi juu kidogo. Tabasamu."

Shanga ilitoka nyekundu, ikawa njano, ikasitasita, ikawa kijani. Sikudhani alishangaa.

"Hata kama sijaelewa?"

Tekla alifunga daftari lake. "Wewe unaelewa," alisema. "Twende nyumbani."

Sikudhani hakuhamishwa. Kwa wiki kadhaa Tekla alilala vizuri. Hakuona mara moja kwamba watoto wengine walikuwa wamelichukua somo lile na kuligeuza mchezo. "Nipe kijani!" walipigiana kelele uwanjani, na anayeambiwa hukodoa macho, huinua nyusi na kuitikia kwa kichwa mpaka wenzake waanguke kwa kicheko. Pili alikuwa bingwa. Alifanya kijani hata alipokuwa anagombezwa kwa kuchelewa.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, asubuhi moja, bibi yake Sikudhani, Bibi Tausi, alifika shuleni kabla ya kengele. Alikataa kiti.

"Mwalimu, mmemfanya nini mjukuu wangu?"

"Kuna nini, bibi?"

"Ananikodolea macho. Nikisema naye, macho yake haya hapa, kama tunashindana nani atapepesa kwanza. Nikadhani ni ukubwa, utapita. Lakini jana nimemtuma chumvi. Ameitikia, ametabasamu, kaniletea sukari! Zamani nilikuwa nikimtazama tu najua amesikia au hakusikia. Sasa simjui. Nakaa na mgeni."

Tekla alitaka kumweleza habari za mtambo. Si mtambo uliomwambia mtoto ainue kidevu.

Aliingia darasani na maneno ya yule bibi yakiwa bado kichwani. Aliandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi. Mawazo yakiwa mbali, akajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akaandika mbili kwa tano. Aligeuka. Shanga thelathini na mbili zilikuwa za kijani.

"Hongera, mwalimu," ilisema sauti ya ukutani. "Uelewa wa darasa ni kamili."

Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Mbili kwa tano ni ndogo hata kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Hakulifuta. Alisubiri mkono mmoja, mnong'ono mmoja, mtu acheke. Nyuso thelathini na mbili zilimtazama moja kwa moja, zikaitikia kwa kichwa, zikatabasamu. Alimtafuta Sikudhani, akainama kutazama chini ya dawati. Mtoto alikuwa ameizungusha miguu kwenye vyuma vya kiti, vidole vimekunjwa, mwili mzima ukilisaidia lile tabasamu.

"Tokeni nje," alisema Tekla. "Wote. Viatu acheni."

Kibarazani hakukuwa na jicho la kioo. Aliwakalisha kwenye saruji, akakaa katikati yao, akatoa chapati zake za mchana. Moja aliikata vipande sita.

"Msinitazame mimi. Tazameni mkono wangu. Nusu ya hii ni vipande vingapi? Sikudhani?"

Mtoto alimtazama usoni, akaitikia kwa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Huku hakuna wa kumpa kijani. Tazama chini."

Ilichukua muda. Shingo ililegea, kidevu kikashuka, tabasamu likaondoka usoni. Macho yakatua kwenye saruji. Kisha kidole gumba cha mguu wa kulia kikajinyoosha, kikaanza kukwaruza. Kilikwaruza kwa nguvu, bila kukoma, kana kwamba kilikuwa na miezi mitatu ya kusema.

Hajaelewa, Tekla alijisemea. Pembeni Pili alikuwa anasokota kifungo chake mpaka uzi unakatika. Abedi hakumeza mate. Hawajaelewa, wote, tangu lini?

Nyuma yao, katika darasa tupu, sauti ya upole ilisema: "Uelewa wa darasa ni sifuri. Mwalimu, tafadhali rudia."

"Narudia," alijibu Mwalimu Tekla, akachukua chapati ya pili.