Uzi Uliolegea Jichoni

Fundi cherehani alikuwa na miezi mitatu tangu arudi kazini. Jicho lake la kulia, lililoona ukungu mtupu kwa miaka sita, lilikuwa limewekwa konea mpya. Konea ni ile ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, mfano wa kioo cha saa. Ilitoka kwa mtu aliyefariki, ambaye ndugu zake walikubali itolewe.

Asubuhi moja aliamka jicho likiwa jekundu. Lilimchoma, na mwanga wa dirishani ulimuumiza. Akamwambia mkewe ni vumbi la vitambaa, litatoka lenyewe. Akaliosha kwa maji ya bomba, kisha akaazima matone ya dawa ya macho yaliyobaki kwa dada yake. Kufikia mchana hakuweza kutunga sindano. Akafunga kazi, akasingizia kichwa.

Kesho yake jirani yao, muuguzi wa macho, alipita kuchukua sare yake. Alimkuta fundi ameketi, mapazia yote yamefungwa. Akamwuliza kulikoni. Fundi akamweleza, akaongeza kuwa miadi yake ya hospitali ni wiki ijayo.

"Fundi, hili si la kungoja," muuguzi alisema. "Nenda leo."

Akawaeleza taratibu, fundi na mkewe. Matone ambayo fundi anatumia kila siku tangu apandikizwe huzuia mwili usiikatae konea, lakini pia hupunguza kinga ya jicho. Vijidudu vikiingia, hushamiri upesi. Aliyepandikizwa konea akiona wekundu, maumivu, kuumizwa na mwanga au kuona kupungua, hata dalili moja tu, aende hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa miaka imepita. Na matone ya kuazima huweza kubeba vijidudu vya jicho la mwingine.

"Naogopa wataniambia limeharibika," fundi akasema.

"Likiwahiwa, mara nyingi huokolewa. Ukikaa hapa ndipo utalipoteza."

Mkewe alikuwa ameshamletea viatu.

Hospitalini, daktari alilichunguza jicho kwa darubini. Uzi mmoja wa mshono ulioshikilia konea ulikuwa umelegea, na kando yake palikuwa na doa jeupe. Vijidudu vilipenyea hapo.

"Uzi ukilegea, wewe hufanyaje?" daktari alimtania.

"Naukata," fundi akajibu, akacheka kidogo.

Daktari aliutoa, akachukua kipimo, akampa dawa ya matone ya kuweka kila saa, mchana na usiku. Mkewe ndiye aliyetega kengele ya simu. Kwa siku mbili hakuna aliyelala vizuri.

Sasa fundi hunawa kwa sabuni kabla ya kugusa dawa. Ncha ya chupa haigusi jicho. Matone yake ni yake peke yake, na hayaachi bila kuambiwa na daktari. Maji ya bomba hayaingizi jichoni tena.

Baada ya wiki tano doa lilibaki kovu dogo, mbali na mboni. Daktari akasema jicho limetulia. Njiani kurudi, fundi alimtazama mkewe kwa makini, akamwambia ana mvi mbili mpya.

"Zote mbili umeniotesha wewe," mkewe akajibu, akamshika mkono, wakavuka barabara.